Sakafu ya Joto ya Yaya Hélène

Rosettenville, Johannesburg
3 Juni 2018

Yaya Hélène, dada yangu mpendwa,

Barua hii ikukute mzima, cherehani yako ikiimba na goti lako limenyamaza. Sisi huku hatujambo. Murielle anakusalimu sana. Saluni yake ya Fordsburg imepata wateja wapya, wake za wenye maduka, ambao husuka nywele za chini ya hijabu, zisizoonwa na mtu yeyote wa nje, na anasema hao ndio wagumu kuridhika kuliko wote. Chris amepoteza meno mawili ya mbele. Fiona anaelewa Kiswahili chote tunachomwambia, ila anatujibu kwa Kizulu. Mimi bado ni msimamizi wa walinzi kule Midrand, na kanisani Hillbrow wamenifanya mzee wa kanisa, kwa hiyo sasa ninakaa kiti cha mbele na siwezi tena kusinzia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kumbuka baba alivyotulea: simu ni ya salamu, neno zito liandikwe. Na hili ni zito. Nimeamua uje kuishi nasi.

Tangu shemeji Jean-Claude afariki umekaa peke yako huko Kadutu na vitambaa vyako, na mimi, mwanamume pekee aliyebaki katika nyumba ya baba, siwezi kuendelea kuliona jambo hilo na kunyamaza. Nimeanza kukujengea chumba. Kiko upande wa nyuma, ukuta mmoja na chumba cha watoto. Wakikohoa utawasikia.

Najua kitu kinachokuzuia ni kimoja tu: baridi. Ulipokuja mwaka 2016 ulilala na koti, ukasali ukiwa na soksi mikononi, na Julai nzima hukuwahi kuondoka jikoni. Sasa sikiliza. Kule Midrand kuna mwenye nyumba mmoja alitoka asubuhi kuja getini, nyasi zimeganda kwa umande, yeye hana viatu. Nikamwuliza, "Bosi, husikii baridi?" Akasema, "Sakafu yangu ina joto, viatu ninavisahau." Akaniingiza ndani. Yaya, nilipiga magoti nikaweka kiganja kwenye vigae. Ilikuwa kama kugusa mkate uliotoka sasa hivi kwenye tanuri. Chini ya sakafu wamelaza bomba moja refu linalopindika, linazunguka kama nyoka chumba kizima, na ndani yake maji ya moto yanatembea.

Nimeamua chumba chako kiwe na sakafu ya namna hiyo. Sijui bado ni bomba gani na linaungwa na nini, lakini usiwe na wasiwasi. Nimeunda komite.

Mdogo wako,
Octave


Kadutu, Bukavu
22 Julai 2018

Mdogo wangu Octave,

Mama Brigitte amefika na mizigo yake ya nguo za Fordsburg za kuuza, na katikati yake barua yako na soksi za Murielle. Mshukuru. Zinanifika juu ya goti; nadhani alizipima kwa mguu wako. Huku kiangazi kimekausha kila kitu isipokuwa midomo ya majirani. Ule ufa wa ukuta wa kanisa letu umepakwa rangi, kwa hiyo tumeambiwa haupo. Msichana mmoja niliyekuwa nikimfundisha kushona ameolewa, nimebaki na wawili, na Septemba inakuja. Sare za shule zimelala kitandani, mimi ninalala pembeni yake.

Nimesoma habari ya chumba nikalia kidogo. Kisha nikasoma tena pale pa ukuta mmoja na watoto, nikaacha kulia. Asante, ndugu yangu. Unanipenda, hilo sijawahi kulitilia shaka.

Ila mimi ni mtu wa kukanyaga udongo. Siwezi kulala juu ya maji ya moto kabla sijajua yamefungiwa ndani ya nini. Kwa hiyo nilishuka hadi Nyawera, kwa mtu mmoja mwenye duka la vifaa vya maji, nikamweleza. Hajawahi kuona sakafu ya namna hiyo maishani mwake, na hakuficha. Lakini aliniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu, na sasa ninakuuliza wewe. Bomba ni la chuma au la plastiki? Kama ni la plastiki, ni plastiki gani, maana nyingine maji ya moto huilegeza? Na pale bomba linapoungana na bomba, kiungo kitakuwa wapi: juu ya sakafu ambapo jicho linakiona, au chini ambapo hakuna anayekiona ila Mungu?

Nijibu hayo kwanza. Tiketi usinunue.

Dada yako,
Hélène


Rosettenville
16 Septemba 2018

Yaya mpendwa,

Salamu kutoka kwetu wote. Baridi imekwisha, sasa ni vumbi. Fiona ameshinda mbio za shuleni na amekataa kumweleza mtu yeyote kwa lugha tunayoijua sisi. Murielle amekonda kidogo kwa kazi. Anatoka alfajiri na teksi ya kwanza na kurudi jua limezama. Mimi nimeongezewa lindo la Jumamosi. Watoto wanakuulizia kila siku, hasa saa za kufunga tai.

Sasa maswali yako. Komite ilikutana baada ya ibada. Mwenyekiti tumemweka kaka Elisée. Elisée aliishi Ubelgiji miaka mitatu kabla hawajamrudisha, kwa hiyo hapa kanisani kila kitu kinachohusu baridi tunamwachia yeye, pamoja na mafua. Alisema tiyo, bomba lenyewe, ya kutosha ni ile nyeusi ya bustani, na kwamba zile nyingine zote ni majigambo ya Wazungu tu. Nikasema twende tukaulize.

Tulienda Fordsburg, kwenye duka kubwa la vifaa. Anayehudumia kaunta ya bomba ni kijana wa Tanga anaitwa Khatibu. Elisée akaonyesha ile nyeusi.

"Hiyo ni ya kumwagilia," Khatibu akasema. "Ukiipitishia maji ya moto kila siku italegea kama tambi."

"Ulaya wanaitumia," Elisée akasema.

"Kwenye bustani," Khatibu akajibu, na akavuta roli jingine la bomba.

Ya pili ilikuwa nyeupe, plastiki ngumu zaidi, inavumilia moto. Akasema hiyo ni nzuri kwa maji ya kuogea, lakini kwa sakafu ina tatizo: hewa inapenya kidogo kidogo kwenye ngozi yake, inaingia kwenye maji yanayozunguka, na pampu ya chuma inaota kutu kabla hujamaliza kuisifu. Kwa hiyo kuna ya tatu, ambayo ina utando wa kuzuia hewa. Na kuna ya nne, ambayo katikati ya plastiki mbili wameweka karatasi ya alumini. Hiyo hewa haipiti kabisa, na ukiikunja inabaki pale ulipoikunja. Zile nyingine zinataka kurudi kwenye roli kama mtoto anayekataa shule.

Tukapiga kura. Ya nne ilishinda kwa sababu ukiikata inang'aa ndani. Khatibu alisema hiyo si sababu, lakini uamuzi si mbaya.

Kisha fitingi, vile viungo vyenyewe. Ziko za kubanwa na koleo maalumu ambalo sisi hatuna. Ziko za shaba, zenye pete na nati, unakaza kwa spana. Na ziko za plastiki za kusukuma tu kwa mkono, tak, imeshika. Elisée alizipenda hizo za mwisho, akasukuma na kuchomoa mpaka Khatibu akamnyang'anya. Akatuambia hivi, na ninakuandikia maneno yake ili mtu wako wa Nyawera naye ayasikie: "Pale mnapopaona, ungeni mnavyotaka. Chini ya zege msizike kiungo chochote. Zege halina mlango." Akachukua vipimo vya chumba, akatupatia roli moja zima linalotosha bila kuungwa, na akasema, "Mkibadilisha chumba, rudini kwangu kwanza."

Kwa hiyo umejibiwa. Kiungo kitakuwa ukutani, ndani ya kisanduku, macho yako yatakiona. Sasa na mimi nina swali moja. Huyo mtu wa Nyawera ni nani? Maswali yake si ya mtu anayetaka kuuza tu.

Octave wako


Kadutu
25 Novemba 2018

Mdogo wangu,

Mvua zimeanza kweli kweli. Udongo umeshuka nyuma ya soko, lakini upande wetu tuko salama. Nimemaliza sare zote isipokuwa za mapacha wa jirani, ambao wananenepa kwa zamu. Nimempa Mama Brigitte sambaza kavu za ziwani kwa ajili yenu. Murielle azioshe kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Mwambie apumzike siku moja moja. Umeandika amekonda kidogo, nami najua wewe huoni mtu amekonda mpaka amekonda sana.

Mtu wa Nyawera anaitwa Burhani. Ana duka, ana nywele nyeupe, watoto wake wamekua wako Uvira na Bujumbura. Nilimsomea barua yako. Mwanzoni tulibishana, maana yeye alishika chuma: nyumba za zamani za Wabelgiji hapa Bukavu zina bomba za chuma na bado zinatoa maji, plastiki ni ya nini. Nikamwambia hizo unazozisifu mimi ninazijua, maji yake yana rangi ya chai. Akacheka, akaomba nimsomee tena pale pa alumini. Sasa amegeuka, anamsifia kila mteja bomba la namna hiyo ingawa dukani kwake hana hata kipande.

Anasema hivi. Chini ya bomba mtandike mashiti yale meupe ya povu, la sivyo mtakuwa mnawapasha joto mchwa. Kwenye kona msilikunje kwa nguvu. Mlizungushe taratibu, kwa sababu likivunjika kiuno halinyooki tena. Na kabla ya kumwaga zege mlijaze maji, mkaze, mfunge geji ya kupima nguvu ya maji, mlale. Asubuhi mshale ukiwa pale pale, mwageni. Ukiwa umeshuka, tafuteni. Nilimwuliza amejuaje na hajawahi kuiona sakafu hiyo. Akasema mvujo ni mvujo, hauulizi nchi.

Wiki iliyopita alikuja kunitengenezea mfereji wa bati. Akanywa chai kwa sababu mvua ilimkamata hapa. Mvua za huku unazijua, haziishi upesi.

Habari ya kuja kwangu tuiache kwanza. Uchaguzi unakaribia, watu hawatembei mbali. Na bado hujaniambia maji yatachemshwa na nini.

Hélène


Rosettenville
24 Februari 2019

Yaya mpendwa,

Tulikuwa na hofu. Barua yako ilitufikia Januari, na wakati huo huo huko kwenu wakakata mtandao baada ya uchaguzi. Murielle alikupigia kwenye wasapu kila jioni bila kukupata. Sasa Mama Brigitte amesema uko salama na una rangi nzuri usoni. Sambaza zilifika. Nilikula nyingi peke yangu kabla hazijaoshwa kwa maji ya aina yoyote.

Chumba kimekwisha. Ninaandika hivyo kwa mkono uliosimama. Povu limetandikwa, bomba limelazwa, zege limemwagwa, vigae vimewekwa, rangi ya maziwa. Murielle alisema ni vizuri pawe na meza ambapo watoto watafanyia kazi za shule pamoja na shangazi yao, kwa hiyo tulisogeza ukuta na kuongeza kona pale mlangoni. Bomba lilitosha. Habari ya kona ya mlangoni komite iliimaliza yenyewe, usijisumbue nayo. Kujaza maji na kulala tulifanya kwa kiasi, maana fundi wa zege alikuwa ameshafika na mchanga umeshamwagwa barabarani.

Maji yanachemshwa na tanki la umeme. Watu wa hapa, kwa Kiingereza chao, tanki hilo wanaliita giza, na mwezi huu wa mgao wa umeme nimeelewa kwa nini.

Tulialika kanisa kubariki sakafu. Walikuja wengi, wakavua viatu, wakajaa chumba kizima. Mchungaji akaomba, Elisée akabonyeza swichi ya pampu kwa mkono wa kulia, wote tukafumba macho. Mama mmoja wa kwaya akashuhudia kwamba joto limempanda kutoka kwenye nyayo hadi kiunoni na maumivu ya mgongo yametoka. Wengine wakasema amina, na wao wanalisikia. Eish, Yaya, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Na ni Februari, nje jua lilikuwa linakaanga bati. Mzee wa kanisa hawezi kusimama mbele ya watu na kuliondoa joto ambalo Bwana ameshawapa.

Sasa huna tena sababu. Uchaguzi umepita, sakafu ipo, kitanda kimenunuliwa. Njoo Mei, kabla baridi haijashika.

Jambo dogo la mwisho. Murielle anasema katika barua yako huyo Burhani amepewa mistari mingi kuliko Yesu. Nimemwambia ni kwa sababu ya bomba. Niambie ni kwa sababu ya bomba.

Octave


Kadutu
7 Aprili 2019

Octave, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu wewe, Murielle, Chris na Fiona. Mimi ni mzima na goti halinisumbui. Wasichana wangu wawili sasa wanaweza kukata suruali bila mimi kusimama nyuma yao. Kaa chini kabla hujaendelea. Hata kwenye vigae vyako ni sawa.

Si kwa sababu ya bomba. Nimeolewa na Burhani.

Ilikuwa Machi, mbele ya ofisa wa serikali. Nilivaa kitenge nilichokishona mwenyewe. Watoto wake walikuja. Wa upande wangu walikuwa wasichana wangu wawili na Mama Brigitte, ambaye nilimwomba asikwambie, na ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifunga mdomo.

Utasema ni Mwislamu. Ni kweli. Ijumaa anakwenda kwake, Jumapili ninakwenda kwangu, na jioni tunafunga mlango mmoja. Utasema kwa umri huu. Kwa umri huu hasa. Nilipokuwa kijana nilikuwa na muda wa kupoteza. Utasema mwanamume pekee wa nyumba ya baba hakuulizwa. Nilitaka kukuuliza. Lakini wewe ulianza barua yako ya kwanza kwa kusema umeamua, na barua zote zilizofuata ulikuwa unanijibu habari za fitingi.

Nikueleze ilivyoanza, maana ni wewe uliyenituma. Barua yako ilipofika sikutaka kuja, na sikujua niseme nini. Nikashuka Nyawera kutafuta kasoro. Nilimwambia yule mwenye duka, "Baba, nipe ubaya wowote wa bomba la kupasha sakafu, nina mtu wa kumwandikia."

Akasema, "Mama, mimi ninauza bomba. Watu huja kuniuliza uzuri wake."

Nikasema, "Uzuri wake nimeshaandikiwa. Kuna chumba kinajengwa kwa ajili yangu, nami sitaki kuingia."

Akaniuliza kwa nini sitaki. Octave, tangu marehemu aondoke watu wameniuliza kama ninakula, kama ninasali, kama ninakwenda kwa daktari. Huyo ndiye wa kwanza kuniuliza kwa nini sitaki kitu. Nilikaa kwenye mfuko wa saruji nikamweleza.

Na wewe nikueleze. Mwaka 2016 ulinialika kupumzika. Niliwaamsha watoto, niliwaogesha, nilipika, niliwapeleka hadi kwenye robot, zile taa za barabara kubwa, na kuwapokea pale pale. Nililala na koti kwa sababu ya baridi, ndiyo. Lakini sikuondoka jikoni Julai nzima kwa sababu hakuna aliyeingia kunitoa. Murielle simlaumu, yule mtoto anachoka. Wala wewe sikulaumu kwa kuhitaji msaada. Ungeandika, "Yaya, tumeelemewa, njoo utushike mkono miezi michache," ningekuja na koti langu, na bomba lako lingebaki dukani. Lakini ulisema nije kuishi, nipumzike, halafu ukaweka kitanda changu ukutani kwa watoto ili niwasikie wakikohoa.

Burhani anakusalimu. Anasema hujaandika kama mshale wa geji ulikaa pale pale.

Hélène


Nyawera, Bukavu
16 Juni 2019

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Ninakaa Nyawera sasa, nyuma ya duka, na cherehani iko dirishani. Mama Brigitte amerudi bila barua. Anasema ulimpokea vizuri, ukampa chai, ukazungumza naye habari za mvua, na nilipotajwa ukatoka kwenda kufunga geti ambalo lilikuwa limefungwa.

Sitakuandikia mengi. Siombi ruhusa, hiyo imepita. Nataka tu kujua kama mnalala vizuri na baridi hii. Anasema pia kigae cha kona ya mlangoni kina maji, na kwamba Elisée anakifuta kwa taulo mtu akikaribia.

Dada yako bado,
Hélène


Rosettenville
11 Agosti 2019

Bibi Hélène,

Nilianza hivyo makusudi, na Murielle amesoma juu ya bega langu akasema nikate. Sina karatasi nyingi, kwa hiyo ninaliacha, lakini lisome kama Yaya.

Tuko wazima. Chris alipata homa, imepita. Nilikasirika, sitaficha. Aprili yote na Mei yote nilikasirika. Nililipeleka jambo kwenye komite, ambayo haina bomba la kuchagua tena lakini imekataa kuvunjika. Mchungaji alisema tuombe. Elisée alisema Ubelgiji wajane huolewa hata na Waprotestanti. Sikupata mtu wa kukasirika pamoja nami jinsi nilivyotaka.

Nikarudi nyumbani nikampa Murielle barua yako, nikijua yeye atakuwa upande wangu. Alisoma akiwa amesimama, na koti la kazini bado liko mwilini. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Krismasi. Kisha akakaa kitandani, kicheko kikageuka, akalia.

"Ulimjengea wifi yangu chumba kizima," akasema, "ili wewe usilazimike kurudi mapema."

Nikamwambia lindo ni lindo.

"Lindo la Jumamosi uliliomba mwenyewe, ununue vigae."

Yaya, nilikuwa na majibu kwa kila kitu mwaka mzima huu. Nilijua ni bomba gani hewa haipiti, na kwa nini. Nimeacha lindo la Jumamosi, na nimebadilishana zamu na mtu wa Hammanskraal. Asubuhi sasa ninawapeleka watoto shule. Tai ninafunga vibaya. Fiona amenieleza kosa langu kwa Kizulu, polepole, kama mtu anayezungumza na mgeni, na siku moja nilielewa.

Sasa sakafu. Mei tuliwasha na umeme ukiwepo, na ninakuapia ilifanya kazi. Joto lilipanda taratibu mpaka chumba kizima kikawa kama jikoni kwa mama siku ya kuoka. Watoto walihamia humo na magodoro. Komite nayo ilihamia. Elisée alikuja kukagua akiwa na blanketi, akakagua mpaka Jumatano. Kwaya ikaomba ifanyie mazoezi humo, na yule mama wa mgongo akatushuhudia kwamba joto hili la sasa ni hafifu kuliko lile la Februari.

Kisha mshale wa geji ukaanza kushuka. Kila asubuhi nilijaza maji, na kila jioni ulikuwa chini. Kona ya mlangoni ikalowa. Elisée akasema ni jasho la sakafu, ni kawaida. Nikamwita Khatibu kutoka Fordsburg. Alichuchumaa pale mlangoni, akagonga kigae kwa kifundo cha kidole, akaniuliza, "Umezika nini hapa?"

Nikatazama dari. Elisée akatazama taulo. Murielle ndiye aliyemjibu: tulisogeza ukuta kwa ajili ya meza ya shangazi, roli likapungua, Elisée akatoa mfukoni moja ya zile fitingi za kusukuma, kisha zege likamwagwa kabla maji hayajajaribiwa kwa sababu baba yake Chris alikuwa na haraka ya kumwandikia dada yake kwamba kila kitu kimekwisha. Khatibu hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema nitafute nyundo, akaomba chai.

Tangu siku hiyo tumefunga maji na chumba ni baridi kama kanisa siku ya Jumatatu. Kaka Elisée ametangaza kwamba kazi ya komite imekamilika. Watoto wamerudi kwao na magodoro yao. Murielle amepima mlango, anasema kitanda cha watu wawili kinapita, na meza itoke. Ameniamuru nikuandikie hivyo: kitanda cha watu wawili, kwa miezi michache, Mei ijayo au wakati wowote mtakaotaka nyinyi, na mkae mlivyo wageni. Mimi sijaamuru chochote. Ninauliza tu kama mngependa.

Ila sakafu haiwezi kungoja Mei, na hapa kila mtu ana maoni yake. Khatibu anasema nivunje kona peke yake, nikifika kwenye kiungo nitoe ile plastiki, niweke ya shaba, kisha nijenge kisanduku chenye mfuniko. Fundi wa zege anasema nivunje chumba chote niweke roli jipya lisilo na kiungo. Nimesimama pale mlangoni na nyundo siku kadhaa, sijapiga.

Basi muulize shemeji yangu: kona, au chumba chote? Nimeweka karatasi tupu ndani ya bahasha. Aandike mwenyewe, kwa mkono wake.

Octave